Idd ya Nyumba Gani?

Jina langu ni Kiti, na mnaonifuata tangu mwanzo mnajua nimekaliwa na wangapi. Leo nitawaeleza nilivyojikalia mwenyewe.

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike, habari yenyewe ni fupi. Mke wangu Nyevu alinihama. Alichukua watoto wetu wawili, Ketty wa miaka tisa na Menza wa miaka sita, akatoka chumba chetu cha Majengo akaenda kufanya kazi ya ndani kwa Shirinbai na mumewe Tayebali, Mabohora, Waislamu wa asili ya Kihindi, wenye nyumba ya ghorofa pale Ndia Kuu. Hakunihama kwa ulevi wala kwa mwanamke. Alinihama kwa ahadi. Mara tatu niliwaahidi watoto matembezi, na mara tatu walivaa, wakangoja, wakavua.

Sasa chekeni. Kazi yangu ni kuwatembeza watoto.

Mimi ni animeta. Msiojua mambo ya hoteli, animeta ni mtu mzima anayelipwa kucheza. Hoteli yetu iko ng'ambo ya daraja la Nyali. Watalii wakitaka kulala juani, mimi huwachukua watoto wao: twajenga ngome za mchanga, twavuta kamba, twatafuta hazina niliyoizika mwenyewe, na saa tisa mimi huwa simba. Watoto wa Wajerumani wamenipanda mgongoni miaka saba.

Kanuni ya kwanza nilifunzwa siku ile ile niliyoajiriwa. Kabla mchezo haujaanza, hesabu watoto na uandike kila mmoja kavaa nini. Mtoto akipotea, wanaomtafuta hawamjui kwa jina, wanamjua kwa nguo. Basi nina daftari: suruali nyekundu, kofia ya njano, fulana ya samaki. Miaka saba sijapoteza hata mmoja.

Mganga hajigangi, walisema wazee, nami ndiye waliyemsema.

Wiki mbili kabla ya Idd nilimvizia Nyevu kwenye kona ya Ndia Kuu akienda kununua dania. Nyumba yenyewe nilikuwa sijaingia hata siku moja. Ujasiri wangu ulikuwa ukiishia pale konani.

"Mama Ketty."

"Labeka, Baba Ketty."

Bado aliniitikia kwa heshima, na hilo likanitia moyo.

"Nipe siku moja na watoto."

"Ulizopewa zi wapi?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Nisikize," akasema. "Areeba, binti wa Shirinbai aliyeolewa Nairobi, kajifungua. Ataka mtu wa kumsaidia na mtoto. Kaniuliza mara tatu, na mara tatu nimemwambia siwezi, wanangu wana baba yao hapa Mombasa. Sasa ataka jawabu la mwisho siku ya Idd."

"Usende, Mama Ketty."

"Siku ya Idd nyumba itajaa wageni, watoto hawatakuwa na pa kukaa. Njoo saa mbili asubuhi uwachukue, uwatembeze kutwa, uwarudishe magharibi. Ukija, nitamwambia Shirinbai siendi, na mimi na wewe tutazungumza. Usipokuja..." Akahamisha kikapu mkono wa pili. "Usipokuja, Kiti, usitutafute."

Nyevu akiacha kuniita Baba Ketty akaniita Kiti, hana mzaha tena.

"Siku ya Idd, saa mbili," nikasema. "Nikikosa, nizikwe."

"Usijizike. Njoo tu."

Ndivyo tulivyoagana. Mimi Mgiriama Mkristo, yeye Mgiriama Mkristo, tumepeana miadi ya sikukuu ya watu, wala hakuna aliyemwuliza mwenzake ni Idd gani. Kwani Idd ni ngapi?

Kupata ruhusa kazini kulikuwa kichekesho.

"Idd ni lini?" akaniuliza Samuel, mkubwa wetu.

"Mwezi ukionekana."

"Kiti, mimi naandika ratiba ya kazi. Niandike 'mwezi ukionekana'?"

"Andika Alhamisi au Ijumaa."

Akaniandikia zote mbili, kwa sharti nifanye Jumapili zote mpaka Pasaka. Nikakubali. Ningekubali mpaka kiyama.

Siku chache baadaye Jaffar aliniletea karatasi. Jaffar ndiye mwenye nyumba niliyopanga Majengo, fundi wa viatu mwenye kibanda Kuze, na Ketty hupita kibandani kwake akitoka shule. Barua yenyewe ninayo hadi leo.

"Baba, mimi nataka kupanda feri kwenda na kurudi bila kushuka. Menza anataka mabembea ya Idd pale Makadara. Anauliza ule mchezo wa simba unaowachezea wazungu, utamchezea na yeye? Usisahau. Ni mimi Ketty."

Usisahau. Mtoto wa miaka tisa anamwandikia babake usisahau.

Nikakaa chini nikapanga siku ile kwa bidii ambayo hoteli haijapata kuiona kwangu. Saa mbili tutoke Ndia Kuu kwa miguu, tupite Ngomeni tuione mizinga. Saa tatu Makadara, kila mtoto apande bembea mara tano, baba mara moja kama kichwa kitakubali. Adhuhuri feri, kwenda na kurudi bila kushuka. Kisha Lighthouse, mihogo ya kukaanga na madafu. Saa tisa, simba. Niliiandika kwenye kadi za rangi za hoteli, kama tunavyowaandikia wageni, na juu yake nikachora feri iliyofanana zaidi na kiatu.

Halafu nikakata mataji mawili ya karatasi ya dhahabu. Kwa ndani nikaandika majina: moja Ketty, moja Menza. Nikayatia mkobani nikawa natembea nayo kila siku, nisije nikayasahau.

Sasa tuje Jumatano. Hapa nawaomba msome polepole.

Jumatano mchana walikuja Mabohora hotelini kula, ukoo mzima. Akina mama walikuwa na rida zao, yale mabuibui yao ya rangi, wanaume na kofia nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, na watoto nguo mpya tupu. Nikamwambia Samuel, "Hawa leo wana harusi."

Watoto wao wakaja kucheza na wageni wangu. Nikawahesabu, nikawaandika nguo, nikawagawia mataji ya hoteli. Mmoja, wa umri wa Menza, akabaki bila. Mataji yalikuwa yamekwisha, na machozi yakaanza kumtoka.

"Jina lako nani, bwana mkubwa?"

"Qaidjohar."

"Jina refu kuliko mwenyewe! Mimi naitwa Kiti."

Akaacha kulia. "Kiti? Kiti cha kukalia?"

"Hicho hicho."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Nikamwuliza nguo nzuri namna ile kanunuliwa na nani.

"Na bibi. Leo Idd."

"Bado, bwana. Mwezi haujaandama."

"Leo Idd!" Akapiga mguu mchangani.

"Haya," nikasema, "kwenu Idd."

Kwenu Idd. Nililitamka mwenyewe kwa mdomo wangu huu! Kila mtu wa Mombasa anajua kwamba Mabohora wana kalenda yao ya hesabu, hawaungoji mwezi, na Idd yao hutangulia. Nami nilijua. Nilijua pia kwamba mke wangu analala katika nyumba ya Mabohora. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya kichwa kimoja kama wapangaji waliogombana, hata salamu hawapeani.

Nikafungua mkoba wangu. Nikatoa taji la Menza, nikaligeuza nje ndani, nikaandika Qaidjohar upande wa pili, nikamvika. Nilijiambia kesho nitamkatia Menza jingine. Mwanangu amezoea kungoja.

Ilipofika saa tisa nikawa simba. Qaidjohar alinipanda mgongoni, nikanguruma kutoka kwenye minazi mpaka majini. Kusema kweli, sijapata kunguruma vizuri kama siku ile.

Jioni nilimkuta Jaffar barazani na redio yake ndogo.

"Mwezi haukuonekana, Kiti. Mawingu yametanda. Kesho twafunga, tutimize thalathini."

"Basi Idd Ijumaa?"

"Ijumaa, upende usipende."

Nikashukuru. Alhamisi nilikata taji jipya, nikanyoa ndevu, nikapiga shati pasi mara mbili. Magharibi takbira zikaanza msikiti hadi msikiti, Majengo yote ikachangamka, na Jaffar akanipiga bega.

"Kesho ndiyo Idd, bwanangu. Sasa huna cha kusingizia."

Ijumaa, saa mbili kasoro dakika tano, nilikuwa mlangoni kwa Tayebali. Katika ndoa yangu yote sijapata kuwahi mahali kabla ya saa. Nikabisha, huku moyo ukinidunda kama wa mposaji.

Akafungua mwanamke wa makamo mwenye miwani, rida ya buluu. Ndiye Shirinbai.

"Salaam aleikum, mama. Idd Mubarak."

"Aleikum salaam." Akaitazama shati yangu, kisha mkoba. "Wewe nani?"

"Mimi Baba Ketty. Nimekuja kuwachukua watoto. Tuliagana siku ya Idd."

Akateremsha sauti.

"Idd ilikuwa Jumatano, baba."

"Hapana, mama. Idd ni leo. Sikiliza." Na kweli takbira zilikuwa zikisikika kutoka msikiti wa karibu.

"Hiyo Idd ya jirani," akasema Shirinbai. "Ya nyumba hii ilikuwa Jumatano."

Nikashika fremu ya mlango. Wale wapangaji wawili kichwani mwangu, hatimaye, wakaonana.

"Watoto wamekaa hapa kutwa." Akanionyesha baraza ya mawe kando ya mlango. "Saa moja wameshaoga, wameshavaa. Saa nne nikawaita wanywe chai. Msichana akasema, tutakunywa na baba. Mchana sisi tuliobaki nyumbani tukaweka sinia. Sisi tukila, kwanza mtu alamba chumvi. Mdogo akaja, akalamba, akaomba nyingine nimfungie kwenye karatasi. Nikamwuliza, ya nini? Akasema, ya baba."

"Mama, basi..."

"Ngoja, sijamaliza." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyebeba kitu siku mbili na anataka kukitua. "Magharibi watu wangu wakarudi kutoka hoteli. Mjukuu wangu ana taji kichwani. Akawapita hapa hapa walipokaa. Akawaambia, leo nimecheza na mtu anaitwa Kiti! Alikuwa simba, nikampanda!"

Nikafumba macho. Haikunisaidia, maana masikio yalikuwa wazi.

"Mdogo hakuelewa. Akacheka naye. Msichana akaomba alitazame lile taji. Akaligeuza. Anajua kusoma, yule, na hakulirudisha tena."

Nililia, wasomaji wangu. Nililia mlangoni kwa watu, asubuhi ya sikukuu, mwanamume mzima na mkoba wa mataji ya karatasi. Shirinbai hakuniambia ninyamaze. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa rida.

"Nyevu alikuja jikoni," akasema. "Akaniambia, mama, mwambie Areeba nakuja."

"Wako wapi?"

"Mzee wangu kawapeleka asubuhi hii kwenye basi. Mwembe Tayari, la saa tatu." Akageuka kutazama saa ya ukutani. "Kimbia, baba."

Nikakimbia.

Nilikata njia ya mkato, na njia ya mkato kutoka pale inapita Makadara. Watu ndio kwanza wamemaliza swala ya Idd. Uwanja umefurika kanzu nyeupe, mabuibui, watoto wa kila rangi. Mabembea yameanza kuzunguka. Mahali nilipopanga kuwaleta wanangu saa tatu nilikuwa nikipapita peke yangu mbio, na kila ninayempita anataka kunipa mkono wa Idd. Mzee mmoja alinikamata akanikumbatia kwa mapenzi ya kweli, kulia, kushoto, kulia tena. Nami ningemwambiaje kwamba nina haraka ya kuwahi jamaa zangu wasinipotee?

Mwembe Tayari basi lilikuwa linanguruma. Kondakta yuko juu ya paa anafunga mizigo. Nikakimbia kando ya madirisha nikichungulia, mpaka nikamwona Ketty, na pembeni yake Nyevu.

"Mama Ketty! Idd ni leo!"

Nyevu akasukuma kioo nusu. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Nenda zako, Kiti."

"Nakuapia, mwezi umeonekana jana! Muulize yeyote hapa."

"Miaka saba umesingizia wageni. Umesingizia daraja, umesingizia mvua. Leo umekosa cha kusingizia hapa duniani, umeufuata mwezi huko huko juu."

Mama muuza machungwa aliyekuwa karibu akacheka. Sikumlaumu.

"Ulisema siku ya Idd!"

"Idd ya nyumba gani, Kiti? Mimi nalala wapi? Nalala Majengo? Nalala kwa Mabohora, napika kwa Mabohora, wanangu wamevishwa sikukuu na Mabohora. Nikisema Idd, nitakuwa nasema ya nani?"

"Na mimi nalala wapi?" nikamwuliza. "Nalala kwa Jaffar. Idd yangu ni ya Jaffar. Ni leo. Na leo saa mbili nilikuwa mlangoni kwa Shirinbai, muulize."

Nikaona anahesabu siku: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mwanamke yule ni mwenye haki hata akiwa na hasira, na mimi nilimwoa kwa hilo. Uso wake ukaanza kulegea. Wallahi nilidhani nimeokoka.

"Baba," akasema Ketty. "Jumatano ulikuwa wapi?"

"Kazini, mwanangu."

"Ukifanya nini?"

Uongo ulikuwapo, tayari, ulimini. Nikaumeza.

"Nikiwachezesha watoto."

Ketty akainama. Akatoa mkobani mwa mamake kitu kilichokunjwa, akakikunjua taratibu, akanipitishia dirishani. Lilikuwa taji. Nje Qaidjohar, ndani Menza.

"Mpe mtoto mwingine," akasema.

"Ketty!" Nyevu akamkanya. Lakini hakunitazama. Alilitazama taji mkononi mwangu. "Menza amelala kiti cha nyuma. Alikuwa halali vizuri siku mbili hizi. Panda umuamshe. Umwambie mwenyewe hiyo habari ya mwezi, naye akiamini... basi tutaona."

Tutaona! Nilipanda ngazi za basi lile kama ninayepanda peponi. Nikawapita abiria, nikaomba radhi, nikakanyaga kuku wa mtu. Kiti cha nyuma kulikuwa na kilima kidogo kilichofunikwa leso ya Nyevu, ile yenye maembe, niliyomnunulia siku Ketty alipozaliwa.

Nikachutama. Nikatoa taji jipya, nikaliweka tayari. Nikanguruma kidogo, kwa sauti ya chini, simba anayebembeleza.

Hakutikisika. Nikaifunua leso.

Chini yake kulikuwa na kikapu na furushi la nguo, vimepangwa vizuri, kwa urefu wa mtoto.

"Menza yuwapi?"

Nyevu alikuwa keshasimama. "Yuko hapo. Nimemlaza mwenyewe hapo!"

"Hayupo."

Basi zima likatugeukia. Ila Ketty. Ketty alikuwa amejikunja kitini, na mabega yanamtikisika.

"Ketty, nduguyo yuwapi?"

"Alinambia nisiseme." Sauti haikutoka vizuri. "Mama alipoteremka kuhesabu mizigo. Yule mama wa machungwa alikuwa akimwambia mtu, leo Idd. Menza akasema, unaona? Baba hakukosea, ni sisi tuliokosea siku. Akasema anakwenda kumngoja pale barazani." Akalia sasa wazi wazi. "Kachukua na ile chumvi. Kasema atarudi nawe."

Mtu mmoja tu katika mji mzima aliniamini bila kuelezwa, naye ana miaka sita.

Nami nimetoka pale barazani mbio. Nimepita njia ya mkato. Kama alipita barabarani, tumepishana. Kama alipita Makadara, nimempita ubavuni, nimekumbatiwa na wazee asinione.

Nyevu alikuwa keshamshika Ketty mkono, keshashuka, viatu ameviacha ndani. "Mimi napita barabarani!" akanipigia kelele. "Wewe pita uwanjani!" Kondakta akauliza mizigo ishushwe au isishushwe.

Nikarudi Makadara. Uwanja ulikuwa umejaa maradufu. Ngoma, filimbi, baluni, foleni za watoto kwenye kila bembea. Nikaita, "Menza!" Vichwa vitatu vikageuka, hakuna wangu. Nikaita tena mpaka koo likakauka. Nikakimbilia bembea kubwa, maana aliitaka bembea. Nikazunguka nayo, nikitazama kila uso unaopita juu yangu ukicheka.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kipaza sauti, anayepanga foleni. Nikamshika mkono.

"Nimepoteza mtoto."

"Tulia, ndugu yangu. Wengi hupotea, wote hupatikana. Nitatangaza sasa hivi." Akakiinua kile kipaza sauti. "Jina lake?"

"Menza. Wa kiume. Miaka sita."

"Haya. Kavaa nini?"

Leo nilikuwa sijamtia machoni.

Nikageuka kumtafuta Nyevu anijibie, na Nyevu hakuwapo. Daftari langu liko hotelini, na ukurasa wa Jumatano naujua kwa moyo: Qaidjohar, shati ya kijani, viatu vyeupe, taji la dhahabu.

"Bwana," akasema yule mtu, kipaza sauti kikimngoja mdomoni, na uwanja mzima ukasikia. "Mtoto wako kavaa nini?"